Nilipie blokcheni ndo karatasi zangu za avokado ziaminike Ulaya?

"Habari za kazi. Sisi ni kina mama watatu Murang'a, tunakusanya avokado za Hass kwa wakulima na msimu uliopita tulitoa kontena nne kwenda Rotterdam, kupakia tunapakia kwa pakihausi tunayokodisha. Mnunuzi wetu anasema kuna msambazaji mwingine alimtumia cheti cha afya ya mimea kilichochezewa, namba ya kontena imebadilishwa, mzigo ukazuiliwa, na tangu hapo anataka karatasi zinazoweza kuthibitishwa. Sasa kuna kijana amekuja na mfumo, anasema tumtumie PDF zetu zote aziweke kwenye blokcheni na forodha ya Ulaya hawatafungua kontena zetu tena. Anataka dola 1,200 kwa mwaka na dola 40 kila kontena. Ni kweli? Bei zetu zitaonwa na kila mtu? Lazima tununue bitkoini? Tueleze polepole tafadhali, hatukusomea kompyuta."

Dada yangu, nakupa jibu kwanza halafu nitaeleza: msilipe hizo dola 1,200 saa hizi. Sisemi blokcheni ni utapeli, hapana. Nilifanya kazi ya kuondosha mizigo Mombasa miaka mingi kabla sijaingia upande wa mifumo, na naiamini hii teknolojia ikiwekwa mahali pake, ila dawa anayowauzia huyo kijana si ya ugonjwa mlio nao.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mnunuzi wenu sasa kila PDF ikiingia kwenye imeili yake anashtuka, hata kama imetoka kwa watu waaminifu kama nyinyi. Anachotaka ni kujua mambo mawili: hiki cheti kimetoka kweli KEPHIS, lile shirika la serikali linalokagua mimea na kutoa vyeti? Na tangu kitoke, kuna mkono uliokigusa? Halafu kuna swali la tatu ambalo watu hulisahau, yaliyoandikwa kwenye cheti chenyewe ni ya kweli? Wauzaji wa mifumo huyakoroga haya matatu kwenye sufuria moja wakakuambia blokcheni inayajibu yote. Haiyajibu yote.

Tuanze na inavyofanya kazi. Blokcheni ichukulie ni daftari ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwa hivyo mtu akitaka kufuta mstari wa juzi itabidi abadilishe kurasa zote zilizofuata, tena kwenye nakala za wale wengine wote, mbele ya macho yao. Kimyakimya haiwezekani. Na kwenye daftari hilo kwa kawaida haiwekwi karatasi yako, inawekwa alama yake ya kidole, watu wa kompyuta wanaiita heshi. Programu inachukua faili lako, liwe na ukurasa mmoja au mia, inalipigia hesabu na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Kwa mfano ukichukua herufi abc tu, ukazipitisha kwenye hesabu inayoitwa SHA-256, inatoka alama inayoanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Fanya Murang'a, fanya Rotterdam, fanya leo au mwaka kesho, ni ileile. Lakini ile a ifanye herufi kubwa uone, mstari wote unageuka, hutaamini kama ni neno lilelile.

Tena mnaweza kujaribu wenyewe bila kumlipa mtu senti. Kwenye kompyuta ya Windows fungueni lile dirisha jeusi la kuandikia amri, mwende kwenye folda yenye faili, andikeni certutil -hashfile cheti.pdf SHA256 halafu bonyezeni enta. Ule mstari mrefu unaotokea ndo alama ya kidole ya cheti chenu. Sasa chukueni pakingi listi yenu mliyoandika kwa Word, piga alama yake, ongeza nukta moja mahali, hifadhi, piga tena. Nawaomba mfanye hili kweli, manake mkishaona kwa macho yenu hamtahitaji mtu awatishe na maneno makubwa.

Kwa hivyo kama KEPHIS wangeiweka alama ya cheti kwenye daftari siku ile walipokitoa, halafu mtu akabadilisha namba ya kontena njiani, mnunuzi angepiga alama ya faili aliyoletewa, angelinganisha, na angejua ndani ya sekunde chache kwamba hii si ile. Hapo ndo uzuri wa blokcheni ulipo, na ni uzuri mkubwa, siubezi.

Lakini angalieni nimesema KEPHIS waiweke. Kijana wenu anataka nyinyi mmtumie PDF, yeye aziweke. Manake nini? Manake daftari litasema tu kwamba tarehe fulani, saa fulani, huyu kijana alikuwa na faili fulani, basi. Yule msambazaji aliyechezea cheti angeweza naye kulipa dola zake 40, akapeleka cheti chake ambacho tayari ameshabadilisha namba, na mfumo ungempa tiki ya kijani safi kabisa. Blokcheni ingeulinda uongo wake usiguswe na mtu. Kitu kinachofanya cheti kiaminike ni sahihi ya kielektroniki ya aliyekitoa, yaani ufunguo wa siri ambao KEPHIS peke yao wanao, na ambao mtu wa Rotterdam anaweza kuhakikisha ni wao. Daftari liwepo lisiwepo, bila hiyo sahihi mnalipia muhuri wa mpita njia.

Na lile swali la tatu, la ukweli wa yaliyoandikwa, hilo hakuna kompyuta inayolijibu. Nikiwa bado kijana kwenye ofisi moja ya kliaringi tulipeleka kontena ya avokado ya futi 40, pakiti za kilo nne, 264 kwa pallet, pallet 20. Pigeni hesabu: pakiti 5,280, kilo 21,120. Mtu wetu aliyejaza ombi la cheti aliandika 21,210. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, hakuna aliyeona, cheti kikatoka hivyo, invoisi inasema hivi na cheti kinasema vile, na kule bandarini mtu wa ukaguzi akafanya kazi yake, akauliza. Siku zilipita tunatafuta cheti cha kurekebisha, na avokado haikungojei, hata ukiiweka kwenye friji ya nyuzi tano inaendelea kuiva polepole. Ile karatasi ilikuwa halisi, haijachezewa na mtu, sahihi ni yenyewe. Ilikuwa na kosa tu. Ingewekwa kwenye blokcheni ingekuwa na kosa lilelile, tofauti ni kwamba kule hufuti, unabatilisha cha kwanza na kutoa kipya na vyote viwili vinabaki kwenye kumbukumbu. Kwa hivyo kabla ya mfumo wowote, mtu mmoja kati yenu watatu akae na kalamu asome invoisi, pakingi listi, cheti cha afya na BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, sambamba, mstari kwa mstari, namba ya kontena, namba ya sili, idadi ya pakiti, uzito. Hiyo kazi ya nusu saa imeokoa mizigo mingi kuliko programu yoyote ninayoijua.

Sasa habari njema ambayo naona hakuna aliyewaambia: cheti cha afya ya mimea tayari kina njia yake ya kuthibitishwa, na si blokcheni. Inaitwa ePhyto. Ni utaratibu wa kimataifa chini ya mkataba wa kulinda mimea, IPPC, ambapo shirika la nchi inayouza linatuma data ya cheti moja kwa moja kwa shirika la nchi inayonunua, mfumo kwa mfumo, haipiti kwa mikono yenu wala ya ejenti. KEPHIS wana mfumo wao wa vyeti vya kielektroniki na wamekuwa wakibadilishana data na Uholanzi, na kwa upande wa Umoja wa Ulaya kuna mfumo unaoitwa TRACES ambao ejenti wa forodha wa mnunuzi lazima autumie kutoa taarifa kabla mzigo haujafika. Kwa hivyo mnunuzi wenu haina haja akodolee macho PDF mliyomtumia kwa WhatsApp akijiuliza kama ni ya kweli. Amwambie ejenti wake alinganishe na kilichotoka KEPHIS chenyewe. Mtu akibadilisha namba ya kontena kwenye PDF amejisumbua bure, manake data iliyoko kule ni ile ya KEPHIS.

Msifikirie hicho cheti ni hiari pia. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu matunda yote mabichi yanayoingia Umoja wa Ulaya yanahitaji hicho cheti, yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Avokado haimo.

Na hapo nifike kwenye ahadi iliyonikasirisha zaidi, ile ya kwamba forodha hawatafungua kontena. Hakuna mfanyabiashara mwenye mamlaka ya kuahidi hivyo. Wanaofungua wanatafuta mdudu, na mdudu hasomi karatasi. Mara ngapi kontena za zao fulani zinakaguliwa inategemea aina ya zao, nchi linakotoka na rekodi ya wadudu waliokutwa huko nyuma, halafu upande wa forodha wana vigezo vyao vya hatari kuhusu thamani, asili ya bidhaa, na nani anayeingiza. Karatasi safi zinapunguza maswali, hilo ni kweli na lina thamani, lakini kupunguza maswali si sawa na kutofunguliwa. Mtu akikuahidi hilo la pili muulize ameandikiwa na nani.

Mtaniuliza, sasa haya makelele yote ya blokcheni kwenye biashara yalitoka wapi? Yalitoka hapahapa kwetu, kwa sehemu. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk iliifuatilia kontena moja ya friji yenye maua ya waridi na avokado kutoka Kenya mpaka Uholanzi, wakahesabu karibu watu na taasisi 30 walioigusa, na mawasiliano zaidi ya 200. Safari nzima ilichukua kama siku 34, na siku 10 katika hizo mzigo ulikuwa unangoja karatasi tu. Karatasi moja muhimu ilipotea kabisa, kumbe ilikuwa imefunikwa kwenye rundo la karatasi nyingine. Mimi niliposoma habari hiyo sikushangaa hata kidogo, nimezibeba hizo karatasi kwa boda nikikimbia kutoka ofisi moja kwenda nyingine kabla hawajafunga.

Maersk wakaungana na IBM, mwaka 2018 wakaleta mfumo wa blokcheni ulioitwa TradeLens. Pesa walikuwa nazo, wataalamu walikuwa nao, hata kampuni nyingine kubwa za meli kama MSC na CMA CGM zilijiunga. Na bado Novemba 2022 walitangaza wanaufunga, na mapema 2023 ukazimwa. Wenyewe walisema ushirikiano wa sekta nzima duniani haukupatikana. Kuna waliosita toka mwanzo, manake nani anataka kumwaga siri za wateja wake kwenye mfumo wa mshindani wake? Nawaeleza hili kwa sababu moja: kama Maersk na IBM hawakuweza kuwaleta wote mezani, kijana mmoja mwenye laptopu atawezaje kuwafanya forodha ya Rotterdam wafungue tovuti yake? Nguvu ya daftari la pamoja ni wangapi wanalisoma.

Hapa Kenya kuna juhudi ambayo naiheshimu, inaitwa TLIP, mfumo wa kubadilishana hati za biashara wa TradeMark Africa, shirika la kukuza biashara, pamoja na IOTA Foundation, taasisi ya teknolojia ya madaftari kama haya, walianza na maua yanayokwenda Ulaya. Wazo lao liko sawa kwa maoni yangu kwa sababu wanakwenda kwa taasisi zenyewe zinazotoa vyeti, si kwa mkulima na PDF yake. Ikifika mahali ambapo chama chenu cha wauzaji nje au pakihausi yenu inaunganishwa huko, ingieni.

Sasa kuna karatasi moja ambayo blokcheni ina kazi nayo ya kweli, na ni vizuri mjue kwa siku za mbele. Ni BL. Cheti cha afya kinatoa habari, nakala yake mia moja zikiwepo hakuna hasara. BL asili ni tofauti, ile ni kama ufunguo wa kontena: aliyeishika ndo mwenye haki ya kudai mzigo, ndo maana kwa kawaida zinatolewa asili tatu na zinasafirishwa kwa kurier kama dhahabu. PDF haiwezi kufanya kazi hiyo, manake PDF ukinitumia na wewe unabaki nayo, sasa mwenye mali ni nani kati yetu? Mchezo huu umeshaumiza watu wazito. Mwaka 2014 pale bandari ya Qingdao, China, iligundulika metali ileile imewekwa rehani kwa wakopeshaji zaidi ya mmoja kwa kutumia risiti za ghala zilizorudufiwa. Daftari la pamoja linatibu hasa hapo, kwa sababu linaonyesha mshikaji mmoja tu kwa wakati mmoja, nikikupa wewe mimi sina tena, na kila mtu anaona.

Lakini hata hilo halikusimama kwa teknolojia peke yake, lilingoja sheria. Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la sheria za biashara, UNCITRAL, lilitoa sheria ya mfano ya hati kama hizo za kielektroniki, Singapore ikabadilisha yake 2021, na Uingereza sheria yao ya hati za kielektroniki za biashara ilianza kazi tarehe 20 Septemba 2023, jambo kubwa sana kwa sababu mikataba mingi ya meli duniani inafuata sheria ya Kiingereza. Na kampuni tisa kubwa za meli zimeahidi kufikia BL za kielektroniki kwa asilimia 100 ifikapo 2030. Sisi kwetu sheria inatambua sahihi ya kielektroniki, ila kutambua sahihi ni kitu kimoja na kutambua kwamba faili limebeba umiliki wa mali ni kingine, kwa hivyo kabla hamjakubali BL ya kielektroniki kwa mzigo wa pesa nyingi kaeni na wakili wa biashara na mtu wa benki yenu. Kwa avokado zenu za sasa nadhani haliwagusi sana, mzigo unaooza kwa kawaida hutoka kwa siwei bili (hati ya meli isiyodai karatasi asili) au teleksi rilisi (idhini ya kuachilia mzigo bila BL asili) ili usingoje karatasi ya asili. Chunguzeni ya kwenu ni ipi, na kumbukeni ukisharuhusu teleksi rilisi kabla hujalipwa, mzigo umetoka mkononi mwako.

Kuhusu bei zenu. Kwenye mfumo uliotengenezwa vizuri inapanda ile alama ya kidole tu, na alama haigeuzwi kurudi kuwa invoisi. Kuna hatari moja ndogo: kama mtengenezaji ni mzembe akapiga alama ya tarakimu ya bei peke yake, mtu anaweza kujaribu bei zote zinazowezekana moja moja mpaka alama zilingane, ndo maana mifumo makini inachanganya data na maneno ya kubahatisha kwanza. Hatari kubwa ni nyingine kabisa. Hizo PDF zenyewe, zenye bei na jina la mnunuzi na wakulima wenu, zinakaa kwa huyo kijana. Kwenye seva ya nani? Nani mwingine anaziona? Mshindani wenu akimlipa? Hiyo ndo ingeninyima usingizi mimi.

Bitkoini, hapana. Mfumo wa karatasi za biashara unaokuambia lazima ununue sarafu fulani ndo utumie, ondokeni. Kwenye madaftari ya wazi kuna ada ndogo ya kuandika kila mstari, lakini mara nyingi anayeendesha mfumo ndo huilipa, mteja hata haioni.

Sitaki mkamfukuze kijana bila kumsikiliza, pengine ana nia njema na hajui tu. Mwulizeni mbele yenu wote watatu: nani anatia sahihi, wewe au KEPHIS? Kule Rotterdam nani hasa ataifungua, na ameshakubali kwa maandishi? Kampuni yako ikifa mwakani, mnunuzi ataweza kuthibitisha karatasi ya mwaka huu bila wewe? Akijibu vizuri hayo matatu niandikieni tena, nitakuwa tayari kubadilisha mawazo. Akianza kuzunguka mmeshapata jibu.

Na mfanye hivi wiki hii. Mwandikieni mnunuzi imeili fupi mumuulize anaposema karatasi zinazoweza kuthibitishwa anamaanisha ipi hasa, cheti cha afya, cheti cha asili (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) ama BL, manake kila moja ina mlango wake. Kama ni cheti cha afya, nendeni ofisi ya KEPHIS inayowahudumia, kwa miguu yenu, msiishie kwa simu, muulize cheti chenu kinatumwaje Uholanzi na mnunuzi akilinganishe vipi. Kama ni cheti cha asili cha kupunguziwa ushuru, kile cha EUR.1, mlango ni forodha ya KRA, mamlaka yetu ya mapato, na tangu mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya uanze kazi Julai 2024 hilo ni jambo la kulishika vizuri. Kama kuna mzigo umeshazuiliwa saa hizi, au mnashuku kuna mtu ametumia jina la kikundi chenu kwenye cheti bandia, msingoje ushauri wa kuandikiana, pelekeni nakala kwa waliotoa cheti siku hiyohiyo na mpate wakili.

Mkipata jibu la mnunuzi nitumieni, ila ficheni bei kwanza.